Bata bukini wangu anataga lakini halalii mayai: nimsaidieje?

"Nina bata bukini watatu uani, dume mmoja na majike wawili. Jike mkubwa ana miaka 3, mdogo ndiyo kwanza anaanza kutaga. Kiotani kuna mayai 11 na nimeyaacha yote, lakini yule mkubwa hayalalii. Anaingia asubuhi, anataga, anayafunika kwa majani makavu, anaondoka zake. Mdogo naye nimemwona akiingia humohumo. Mwaka jana mkubwa alilalia kama wiki mbili na nusu. Nilikuwa namwinua kila asubuhi nione mayai yanaendeleaje. Mwishowe akayaacha, na mawili yakapasuka yakanuka vibaya sana. Jirani mmoja ananiambia nimfunike na tenga mpaka azoee. Mwingine anasema nimnyonyoe manyoya ya kifuani ili mayai yapate joto. Naogopa haya ya kwanza yameshakufa kwa baridi. Nifanye nini atotoe?"

Ndugu yangu, tuanze na hofu ya baridi, maana ndiyo inayokusukuma kutaka kufanya jambo leo hii. Yai lililorutubishwa linapotoka kwa mama yake, kiinitete kilichomo kinakuwa kimeshaanza kukua kidogo akiwa bado nalo tumboni. Likipoa, kukua kunasimama. Hakifi, kinasubiri. Chini ya takriban nyuzi 20 za Selsiasi hakuna kinachoendelea ndani ya yai, na likipata joto la mwili wa mama linaanza tena pale lilipoishia. Ndiyo maana bata bukini hulundika mayai kwanza, akalala baadaye, na vifaranga wakatoka karibu siku moja. Angelalia tangu yai la kwanza, kifaranga wa mwanzo angekuwa anataka kwenda kula majani wakati yai la mwisho bado lina wiki kadhaa, na mama angelazimika kuchagua amfuate nani. Kwa hiyo hayo unayoyaona, kuingia, kutaga, kufunika na kuondoka, si uzembe wa jike wako. Ni kazi anayoifanya sawasawa.

Cha kuogopa zaidi ni joto la katikati na muda. Kiota kikikaa juani, mayai yanapata joto la kuamsha kiinitete lakini lisilotosha kukikuza vizuri, kikawa dhaifu kabla mama hajakaa juu yake hata siku moja. Na hata mahali penye ubaridi mzuri, uwezo wa yai kutotoa huanza kushuka baada ya siku 7 hadi 10, na likipita wiki mbili unashuka sana. Bata bukini wa porini ambaye wengi wa hawa wa kufugwa wametokana naye hutaga mayai 4 hadi 6 tu kisha hulala, kwa hiyo kwake tatizo hili ni dogo. Sisi tumechagua vizazi kwa vizazi majike wanaotaga zaidi, na jike wa nyumbani hutaga karibu kila baada ya siku moja. Mayai 11 yakiwa yake peke yake, la kwanza lina umri wa wiki tatu. Kama mdogo amechangia, umri huo ni mdogo zaidi. Hapo nakuambia ukweli: baadhi ya hayo 11 huenda yasitotoe, hata yakilaliwa na jike bora kuliko wote.

Sasa, nini hasa humfanya alale? Ndani ya mwili wake kuna homoni iitwayo prolaktini, inayotolewa na tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Msimu wa kutaga unavyosonga homoni hii hupanda, na kugusa mayai kwa kifua na tumbo huipandisha zaidi. Ikifika juu, mfuko wa mayai husinyaa, kutaga hukoma, na jike ambaye jana alikuwa hatulii anakaa kiotani kama ameambiwa asinyanyuke. Mayai yale yale yaliyomlaza ndiyo yanayomweka pale. Ukiyaondoa, homoni hushuka na hamu ya kulalia hupotea. Kwa hiyo kulala kunahitaji mambo mawili: mwili uwe tayari, na kiota kiwe na mayai ya kutosha kuugusa. La kwanza huwezi kulilazimisha. La pili liko mikononi mwako, na umeshalifanya nusu kwa kuacha mayai yarundikane. Wengi wanaolalamika kwamba bata bukini wao hawalali huwa wanaokota kila yai siku linapotagwa, na jike huendelea kutaga tu kwa sababu hajawahi kukuta lundo.

Hapo ndipo ushauri wa tenga unapokwama. Jike aliyefungiwa juu ya mayai kabla homoni haijapanda haatamii, anahangaika. Atayakanyaga, atayachafua kwa kinyesi, na ukimfungulia atakihusisha kiota kile na hofu, akatafute pa kutagia kwingine, kwenye vichaka usikokujua. La kunyonyoa manyoya ni baya zaidi. Ni kweli kwamba jike anayelala huwa na kifua kilichopungua manyoya mororo ya ndani. Ila huyang'oa mwenyewe kwa mdomo, wakati mwili umeyalegeza, akayatandika kiotani na kuacha ngozi iguse ganda. Ukimng'oa wewe unamwumiza, unamjeruhi ngozi, na homoni haijui lolote kuhusu hilo. Manyoya ni dalili ya kulala. Hayaleti kulala.

Na dalili hiyo ndiyo nataka uitazame kila siku kuanzia leo. Ukiinua majani ya juu ukakuta manyoya mororo meupe au ya kijivu yamechanganywa na mayai, hesabu kwamba zimebaki siku chache. Atakuwa pia anachelewa kiotani baada ya kutaga, kwanza saa moja, kisha asubuhi nzima, kisha usiku. Ukikaribia, hatasimama kukimbia kama zamani. Atajilaza, atanyoosha shingo chini sambamba na ardhi, na kukufokea kwa ule mvumo wao. Akilala usiku mbili mfululizo bila kutoka ila kwa muda mfupi, hapo ndipo unaanza kuhesabu siku.

Wakati unasubiri, rekebisha kiota. Kinatakiwa kiwe chini, ardhini, upana wa sentimita 60 hadi 75, kimezibwa pande tatu na juu, mlango ukiangalia mahali pasipopitwa na watu. Giza kidogo linamtuliza. Weka kivuli cha kweli, maana kisanduku cha bati juani huwa jiko. Tandika majani makavu mengi kuliko unavyodhani yanahitajika, na yasiwe na ukungu. Akae akiyapanga mwenyewe. Kagua nyufa za kisanduku usiku kwa tochi kama kuna utitiri, wale wadudu wadogo wanaojificha mchana na kunyonya damu gizani. Jike anayenyonywa damu usiku kucha atakimbia mayai hata awe na homoni za kutosha majike watatu. Ukiwaona, safisha na utumie dawa ambayo daktari wa mifugo atakubali itumike penye ndege anayelalia.

Kuhusu mayai yenyewe, kuanzia leo kila yai jipya liandike tarehe kwa penseli, si kwa kalamu ya wino. Usiyaoshe. Ganda lina utando mwembamba unaoziba vitundu vyake, na maji huuondoa na kuingiza vijidudu. Lenye uchafu mwingi liache nje ya hesabu. Kama mahali pako ni pa joto, njia nzuri zaidi ni kuyatoa mayai mabichi mara yanapotagwa, kuyahifadhi mahali penye ubaridi wa nyuzi 13 hadi 16, ukiyageuza kila siku, na kumwachia jike mayai ya bandia au yale ya zamani usiyoyategemea. Akishakaa kweli, usiku unaingiza yale mazuri na kuondoa ya bandia.

Usiogope kwamba atagundua. Mwaka 1938 Konrad Lorenz na Niko Tinbergen walieleza jinsi bata bukini wa porini anavyolirudisha yai lililotoka nje ya kiota: hunyoosha shingo, huweka mdomo nyuma ya yai, huliviringisha taratibu kuelekea kwake. Alifanya vivyo hivyo kwa mayai ya bandia, na hata yai likiondolewa katikati ya kazi aliendelea kuvuta mdomo mpaka kiotani, pasipo na kitu. Kichwani mwake yai ni umbo, na lile linaloviringika vizuri linatosha. Yai la mbao lenye ukubwa wa yai lake litafanya kazi. Lisiwe jepesi mno, asije akalisukuma nje.

Idadi pia ina maana. Jike wa wastani hufunika vizuri mayai 8 hadi 10, mkubwa wa mwili hadi 12. Ukimpa 15 kwa tamaa, yale ya pembeni yatapoa kwa zamu, kwa sababu kila akiyageuza la pembeni linaingia kati na la kati linatoka pembeni. Mwisho wake unapoteza mengi kuliko uliyoongeza.

Naona jambo moja ulilolitaja kwa kupita ambalo kwangu ni zito: yule jike mdogo. Majike wawili kwenye kiota kimoja ni chanzo kikubwa cha kutotoa vibaya. Mkubwa akishalala, mdogo ataendelea kutaga ndani, na mayai mapya yataanza safari yao siku ya kumi au ya kumi na tano ya wenzao. Vifaranga wa kwanza wakitoka, mama huondoka nao, na yale machanga hufia humo. Mjengee mdogo kiota cha pili sasa hivi, mbali kidogo, na uweke mayai mawili ya bandia ndani kumwita. Mkubwa akilala, mzungushie uzio mwepesi unaomruhusu dume kumwona na kumlinda lakini unaomzuia mwenzake kuingia. Na kila anapotoka kula, angalia kama kuna yai lisilo na alama ya penseli, uliondoe. Mayai ya mdogo mwaka huu usiyategemee sana: ya msimu wa kwanza huwa madogo na mara nyingi hayarutubiki vizuri.

Dume mwache. Wengi humfungia kwa sababu anakuwa mkali, ila ukali huo ndio ulinzi. Yeye halalii, lakini jike anayejua dume wake yuko mlangoni hutulia. Ila kama wana maji ya kutosha kuogelea, vizuri zaidi, maana wanyama hawa, hasa wazito, hupandana vizuri majini, na mayai yasiyorutubishwa hayatotoi hata ufanye nini.

Nirudi kwa mwaka jana, kwa sababu nadhani umejilaumu kwa mambo yasiyo yako na kuliacha lililo lako. Kumwinua kila asubuhi ndiko kulikomkimbiza, au kulichangia sana kumkimbiza. Ulifanya kwa mapenzi, naelewa, ila kila ukimwinua unavunja mguso unaoshikilia homoni, unapoza mayai, na anaposimama kwa hasira anaweza kulipasua moja kwa kucha. Utelezi wa yai lililopasuka huziba vitundu vya mengine na kuyachafua. Yale mawili yaliyonuka huenda hayakurutubishwa au yalikufa mapema, na joto likayaozesha. Mwaka huu usimguse. Yeye mwenyewe atatoka mara moja kwa siku, dakika 15 hadi 30, akafunika mayai, akakimbia kunywa, kula majani, kuoga, na kutoa kinyesi kimoja kikubwa chenye harufu kali ambacho utakitambua kwa mbali. Huo ndio muda wako. Kupoa huko kwa dakika chache hakudhuru mayai ya bata bukini, na manyoya yake yenye maji yanapeleka unyevu unaohitajika. Kama kuna ukame mkali na hapati pa kuoga, nyunyizia maji ya uvuguvugu kwenye majani ya kiota, mara chache tu.

Chakula na maji viwe karibu, kwa hatua chache, visiwe mdomoni mwake. Akiwekewa pale alipo hatanyanyuka, na jike asiyenyanyuka huchafua kiota. Nafaka nzima, majani mabichi na changarawe kidogo vinatosha. Atakonda, na hilo ni la kawaida. Lakini zikipita siku mbili au tatu bila kuona kinyesi kile wala dalili ya kula, mnyanyue mara moja, mabawa ukiwa umeyabana taratibu, na uhakikishe hakuna yai lililonasa chini ya bawa kabla ya kumwinua, kisha umsimamishe karibu na maji.

Siku ya kumi ya kulala, akiwa ametoka, yamulike mayai jioni kwa tochi yenye mwanga mkali. Ganda lao ni jeupe, kwa hiyo utaona vizuri. Yai hai lina doa jeusi na mishipa myembamba ya damu inayosambaa kama miguu ya buibui. Lililo angavu na njano tupu halikurutubishwa. Lenye duara jekundu limekufa mapema. Yaondoe hayo mawili, na lolote linalotoa jasho au harufu liondoe polepole mno, mbali na uso wako. Hapa ndipo utakapojua ukweli wa yale mayai yako 11, na huna haja ya kubahatisha kabla ya hapo.

Hesabu siku 28 hadi 32, kutegemea aina, wazito huchelewa. Kifaranga hutoboa kwanza chumba cha hewa ndani, unaweza kumsikia akilia, kisha huvunja ganda kwa nukta moja. Baada ya hapo anaweza kukaa saa 24 hadi 48, wakati mwingine zaidi, bila kuonekana akifanya lolote. Tafadhali usimsaidie. Anavuta damu iliyobaki kwenye utando na kiini kilichobaki tumboni, na ukimtoa kabla hajamaliza atavuja damu mpaka afe mikononi mwako. Mama yake anamsikia. Waache chini yake mpaka wakauke. Kiini kile kinawatosha siku moja mpaka mbili bila chakula.

Je, akikataa? Inawezekana. Aina ya Kichina, kwa mfano, ina majike wengi wanaotaga sana na kulala kwa shida, na hakuna mbinu inayobadilisha uzao. Nisingemsubiri zaidi ya siku kumi kuanzia leo bila kuona manyoya kiotani. Ikifika hapo una njia tatu. Kuku anayelala anaweza kubeba mayai manne hivi, lakini hana nguvu ya kuyageuza, kwa hiyo uandike alama upande mmoja na uyageuze mwenyewe asubuhi na jioni, na ukubali kwamba anaweza kuchoka baada ya wiki tatu alizozizoea. Bata mzinga ni bora zaidi: mayai yake hulaliwa siku 28, ana mwili mkubwa, na hukaa kwa uthabiti. Mashine ya kutotolesha ni ya mwisho kwa upendeleo wangu, maana mayai haya ni magumu ndani yake: nyuzi 37.5 kwa ile yenye feni, mayai yakilazwa ubavu, yakigeuzwa mara kadhaa kwa siku, na baada ya wiki ya kwanza yakipozwa nje kwa dakika 15 na kunyunyiziwa maji ya uvuguvugu kila siku. Siku tatu za mwisho acha kugeuza na uongeze unyevu. Inafanya kazi, ila vifaranga watakufuata wewe badala ya bata, na kazi ya mama itakuwa yako kwa wiki nyingi.

Daktari wa mifugo mwite siku hiyohiyo ukimwona jike anakaza kwa saa kadhaa bila yai kutoka, mkia ukipanda na kushuka, au nyama nyekundu imetokeza nyuma. Mwite pia akishindwa kusimama, akiacha kula kabisa baada ya kutoka kiotani, au akiharisha kijani huku shingo imelegea. Na kama mwaka huu utapata mayai yenye mishipa siku ya kumi lakini vifaranga wengi wakafia ndani karibu na kutoka, kwa mwaka wa pili, usiendelee kubadilisha kiota. Mpelekee mayai matatu au manne bila kuyapasua, yakiwa yamepozwa, pamoja na tarehe ulizoandika na maelezo ya wanachokula wazazi. Lishe na maambukizi havionekani kwa macho ukiwa uani, vinaonekana yai likifunguliwa na mtu anayejua anatafuta nini.